Kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu huacha dawa kabla ya kumaliza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kugawa dawa za kifua kikuu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwafuata nyumbani watu ambao tarehe zao zimepita na kadi zao bado ziko kwenye sanduku. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wagonjwa, na ndugu zao, na wahudumu wapya wanaoanza kazi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mezani.

Mgonjwa anajua kuwa dawa zitamponya. Kwa nini basi aziache?

Katika miaka yote hiyo ni wachache mno walioniambia, "Sitaki kupona." Wengi hawakuwahi hata kuamua kuacha. Siku ya kwanza nauli ilikosekana. Siku ya tatu akasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu akakumbuka kwamba amekosa siku tano, akawaza atakavyofokewa, akaona bora asubiri kidogo. Kufikia wiki ya tatu ile nauli imeshapatikana, lakini sasa kinachomzuia ni aibu.

Ndiyo maana ukimuuliza mtu "kwa nini uliacha dawa?" hukosa jibu. Muulize siku ya kwanza aliyokosa ilikuwaje, na atakusimulia yote.

Daftari letu la zamani lilikuwa na safu ya "watoro". Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha lugha hiyo katika ripoti zake, na sasa mtu aliyekatiza dawa miezi miwili mfululizo au zaidi huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Wengine waliona ni kubadilisha maneno tu. Mimi nilishukuru, maana mtoro ni mtu anayekimbia, na wengi niliowakuta majumbani mwao walikuwa wamekwama.

Ni wengi kiasi gani wasiomaliza?

Wachache kuliko watu wanavyodhani. Kwa takwimu za WHO, kati ya walioanza kutibiwa kifua kikuu cha kawaida mwaka 2022, asilimia 88 walimaliza vizuri. Asilimia 12 iliyobaki si ya walioacha dawa peke yao. Wamo waliofariki, wamo ambao matibabu yalishindwa, wamo ambao matokeo yao hayakujulikana. Kwa wenye TB sugu, yaani kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, hali ni ngumu zaidi: walioanza matibabu mwaka 2021 walimaliza vizuri asilimia 68.

Lakini huu ni ugonjwa uliowapata watu milioni 10.8 katika mwaka 2023 na kuua milioni 1.25. Hata sehemu ndogo ya idadi hiyo ni umati mkubwa.

Nimepona kabisa, sikohoi, nimenenepa. Ninameza dawa za nini tena?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na mtu akikuuliza hivi usimkatishe. Anakueleza sawasawa jinsi atakavyoacha dawa mwezi wa pili au wa tatu.

Nafuu anayoisikia ni ya kweli. Katika wiki za mwanzo dawa huua bakteria wanaozaana haraka, nao ndio wengi. Homa huisha, jasho la usiku hukatika, hamu ya kula hurudi, na makohozi hupungua. Nguvu za kuambukiza wengine nazo hushuka sana, iwapo dawa zinafanya kazi. Mtu akijitazama kwenye kioo anamwona mtu mwenye afya.

Wanaobaki ni bakteria waliolala. Wamejificha ndani ya makovu ya mapafu na ndani ya seli za mwili, hawazaani au huzaana polepole mno. Dawa nyingi za aina hii humkamata bakteria anapofanya kazi, na huyu aliyelala haiwi rahisi kumpata. Inabidi dawa iwepo siku atakayoamka. Hujui ataamka lini, kwa hiyo dawa inapaswa kuwepo kila siku.

Mimi huwaambia hivi: miezi miwili ya kwanza unajitibu kikohozi, miezi minne inayofuata unajitibu kisirudi. Ukimweleza mtu mapema, wiki ya kwanza, kwamba itafika siku atajiona amepona na siku hiyo ndiyo ya hatari, ikifika anaitambua. Ukingoja umwambie mwezi wa tatu, umechelewa.

Kwa nini vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja? Moja yenye nguvu haitoshi?

Ilishajaribiwa. Streptomaisini, dawa ya kwanza kuwaua bakteria hawa, ilipatikana mwaka 1943. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948, wagonjwa 55 walipewa streptomaisini na 52 wakapewa mapumziko ya kitandani tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Watu walifurahi. Kisha bakteria wakawa sugu, wagonjwa wakarudi kuumwa, na baada ya miaka mitano zaidi ya nusu ya wale 55 walikuwa wamefariki.

Sababu yake inahesabika. Kwa makadirio, katika kila bakteria milioni moja hivi yuko mmoja ambaye dawa iitwayo isoniazidi haimuui, kwa kuzaliwa hivyo tu. Kwa rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, ni mmoja katika milioni 100 hivi. Tundu moja kwenye pafu laweza kubeba bakteria milioni 100. Ukitumia dawa moja, unawaua wote isipokuwa wale wachache, nao wanajaza nafasi iliyobaki wazi. Ukitumia dawa mbili au zaidi, anayeponyoka moja hukamatwa na nyingine.

Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo huwa ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Siku hizi mara nyingi zimeunganishwa ndani ya kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hutegemea uzito. Kuunganishwa huku kumetusaidia sana, kwa kuwa mgonjwa hawezi tena kuchagua kile kidogo na kukiacha kile kikubwa.

Hakuna matibabu mafupi zaidi ya miezi sita?

Yapo kwa baadhi ya watu. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo unaoruhusu miezi minne kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, kwa mchanganyiko wenye rifapentini na moksifloksasini, na miezi minne kwa watoto ambao ugonjwa wao si mkali. Upatikanaji hutofautiana, uliza kliniki yako.

Usiichukue habari hii kama ruhusa ya kumeza vidonge vyako vya miezi sita kwa miezi minne. Majaribio ya kufupisha dawa yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi hufaulu kwa miezi minne. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye mapema kama wewe ni mmoja wa wale wanane au wa wale wawili.

Dawa zenyewe zinaumiza. Je, hiyo si sababu ya haki ya kuziacha?

Ni sababu ya haki ya kurudi kliniki kesho asubuhi. Na ni kosa letu wahudumu mgonjwa anapoondoka na dawa bila kuambiwa zitamfanya nini.

Chukua mkojo. Rifampisini huugeuza rangi ya chungwa au nyekundu, saa chache tu baada ya kumeza. Jasho na machozi nayo yanaweza kubadilika rangi. Haina madhara yoyote, ni rangi ya dawa inatoka. Lakini mtu asiyeambiwa anaingia msalani siku ya kwanza, anaona damu, anatoka humo ameshaapa hatazigusa tena. Sentensi moja ingetosha.

Kichefuchefu ni cha kawaida wiki za mwanzo. Dawa hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini ikiwa tumbo tupu linakutapisha, kula kidogo ndipo umeze, au meza usiku kabla ya kulala. Kumeza na chakula ni bora mara mia kuliko kutomeza. Pirazinamidi huleta maumivu ya viungo, ambayo mara nyingi hutulizwa na dawa za kawaida za maumivu. Isoniazidi huweza kuleta ganzi au miguu kuwaka moto, na vitamini B6 huzuia na kutibu hali hiyo; kama u mjamzito, una VVU, kisukari, au lishe yako ni duni, uliza kama umeandikiwa.

Halafu yako mambo ambayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama majani ya chai yaliyokolea: ini limeguswa. Hapo simamisha dawa na uende siku hiyo hiyo. Macho kufifia, au nyekundu na kijani kuanza kufanana: ni ethambutoli, nenda siku hiyo hiyo. Vipele mwili mzima na uvimbe usoni, vivyo hivyo. Mara nyingi dawa hurudishwa moja moja hadi inayoleta shida ijulikane, na matibabu huendelea.

Wanasema dawa za TB zinaleta njaa. Ni kweli?

Ni ugonjwa unaoondoka. TB ilikuwa imekuondolea hamu ya kula kwa miezi. Sasa mwili unadai deni lake lote kwa pamoja. Katika nyumba yenye chakula hii ni habari njema. Katika nyumba isiyo nacho, ni mateso, na nimesikia mama mmoja akisema kwa sauti ya chini kabisa, "Nikimeza nakula sehemu ya watoto." Akawa anaruka siku.

Ongeza hapo tangazo letu la "usimeze bila kula". Tulilisema kwa nia njema. Yeye alisikia kwamba siku isiyo na chakula ni siku isiyo na dawa. Tangu hapo nimejifunza kumalizia sentensi: kula kama kipo, na kama hakipo, meza.

Chakula chenyewe ni sehemu ya matibabu. Katika utafiti uliofanyika jimbo la Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023, wagonjwa walipewa vikapu vya chakula, na wale waliopata uzito mapema walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa. Familia zilizopewa chakula nazo ziliugua kifua kikuu kidogo kuliko zile ambazo hazikupewa. Kliniki inayojua ni mgonjwa gani analala njaa inamjua pia ni nani atakayekosa dawa mwezi ujao.

Dawa zinatolewa bure. Gharama inatoka wapi?

Katika nchi nyingi vidonge ni bure, naam. Nauli si bure. Siku ya kazi iliyopotea si bure, na kibarua hana likizo ya ugonjwa. Kabla hata ya kugunduliwa, mgonjwa ameshatumia pesa kwenye dawa za kikohozi, sindano na eksirei kwa wiki kadhaa, kwa hiyo anapofika kwetu amekwisha kauka.

WHO hupima gharama za maafa: pale ugonjwa unapokula zaidi ya asilimia 20 ya mapato ya kaya kwa mwaka. Karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu huvuka mstari huo. Fikiria sasa mtu amepata nafuu mwezi wa pili. Mbele yake kuna mambo mawili, kwenda kliniki au kwenda kazini, na watoto hawajala. Sijawahi kuweza kumlaumu mtu wa namna hiyo. Dawa za mwezi mzima kwa mpigo, kituo kilicho karibu, saa za kliniki kabla ya kazi kuanza: haya ndiyo yaliyowabakiza wengi kwenye matibabu, kuliko nasaha zangu.

Aibu inaweza kweli kumfanya mtu aache dawa zinazookoa maisha yake?

Kaka mmoja alivua kiatu cha kulia mbele ya meza yangu, akatoa ndani ya soksi pakiti ya vidonge iliyokunjwa mara mbili, karatasi yake ya fedha imelegea kwa jasho. Ndimo alimokuwa akiihifadhi. Mkewe hakujua. Alikuwa anameza kazini, msalani, kwa maji ya bomba anayokinga kwa kiganja. Zamu yake ilipobadilishwa akawekwa na wenzake mahali pasipo na faragha, akakosa siku tisa.

Sikumhubiria. Nilimuuliza ni nani mmoja duniani anayeweza kujua bila yeye kuumia. Alifikiri kwa muda mrefu. Baada ya wiki mbili alikuja na mkewe, naye dada yule alikaa akasema, "Mimi nilidhani ana mwanamke mwingine." Kisha akaomba aelezwe vidonge vinamezwaje, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikumbuka saa.

Watu huona haya kwa sababu TB imeunganishwa na VVU vichwani mwa watu, au na laana, au na umaskini. Kuna wanaotengewa vyombo, wanaoachwa na wachumba, wanaofukuzwa kwenye nyumba za kupanga. Na kuna wanaowekewa alama na kliniki yenyewe: benchi la nje peke yao, dirisha lao peke yao, sauti ya "wa TB waje huku". Kwa mtu wa kwenye soksi, sauti hiyo inatosha.

Je, wahudumu nao huchangia watu kuacha dawa?

Ndiyo, na tunalizungumza kidogo mno.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta pakiti zake tupu kila tarehe, bila hata kidonge kimoja kubaki. Uzito wake hausogei. Tulipoangalia mkojo, ulikuwa mweupe. Nikafunga mlango, nikamuuliza taratibu. Akasema, "Nikija na pakiti zina vidonge, yule wa dirishani hunifokea mbele za watu." Kwa hiyo asubuhi ya kliniki alikuwa akivitoboa vyote na kuvitupa chooni. Alikuwa anatapika kila akimeza, na kwa miezi miwili hakuwa na mtu wa kumwambia.

Tulimbadilishia saa ya kumeza na kumpa dawa ya kuzuia kutapika. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ile hofu ndiyo iliyochukua miezi miwili.

Kuna pia kufungua saa tatu na kufunga saa sita, kumrudisha mtu kwa sababu kadi imelowa, dawa kuisha stoo, na kumwambia mgonjwa maneno ya kitabibu kisha kumuuliza "umeelewa?" Hakuna asemaye hapana. Mwombe akueleze yeye atakavyofanya akifika nyumbani, hapo utajua.

Nikinywa pombe, nisimeze dawa siku hiyo?

Meza dawa. Pombe pamoja na dawa hizi huongeza hatari kwa ini, na kwa sababu hiyo nakushauri uiache kwa miezi yote ya matibabu. Lakini wagonjwa wengi wamebaki na kanuni nyingine kabisa vichwani: pombe na vidonge visikutane. Basi anayekunywa kila wikiendi anakosa dawa kila wikiendi. Kama kuacha pombe kumekushinda, sema. Ni jambo la kusaidiwa, na mtu anayemwogopa daktari kwa sababu ya pombe ndiye anayeishia kukosa vyote.

Nina VVU pia na vidonge vimekuwa vingi mno. Nifanyeje?

Umezidiwa kweli. Unaweza kujikuta na dawa za TB, dawa za kupunguza makali, na za kuzuia magonjwa nyemelezi, mara nyingi kutoka milango miwili ya hospitali yenye tarehe mbili tofauti. Omba tarehe ziwe moja. Vituo vingi hufanya hivyo ukiomba. Mweleze kila anayekuandikia dawa kuwa unatumia rifampisini, kwa maana hulifanya ini liondoe dawa nyingine haraka. Dolutegraviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya VVU, kwa kawaida huongezwa hadi mara mbili kwa siku. Vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, kwa hiyo ongeza kinga nyingine. Baadhi ya dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda nazo huhitaji kupimwa upya.

Kumsimamia mgonjwa akimeza kila siku si ndiyo dawa ya tatizo lenyewe?

Usimamizi ulikuwa nguzo ya mkakati ambao WHO iliutangaza miaka ya 1990, uliotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya daktari wa kifua kikuu Karel Styblo na mpango wa kifua kikuu wa Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mkakati ule ulikuwa na mambo mengi: vipimo vya makohozi, dawa zisizokatika, kumbukumbu nzuri. Watu wakakumbuka jicho la msimamizi tu.

Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, yaliyolinganisha majaribio ya kusimamiwa na ya kujimezea nyumbani, hayakuona kwamba kutazamwa peke yake kunatatua kuacha dawa. Mimi siishangai. Ukimlazimisha mtu aje kituoni kila asubuhi, umemwongezea nauli na umemnyima kazi. Msimamizi anayefaa ni yule ambaye mgonjwa amemchagua, anayekaa karibu, asiye na ulimi wa kutangaza. Siku hizi wengine hujirekodi video fupi wakimeza na kuituma. Inawafaa wenye simu na faragha.

Tena si lazima kulazwa. Jaribio la Madras, India, lililochapishwa mwaka 1959, lilionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani, wengi wao maskini na wenye lishe duni, walipona karibu sawa na waliokaa hospitalini.

Nilisahau jana. Leo nimeze mara mbili?

Hapana. Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza dozi moja tu, ya siku hiyo ya pili. Iandike siku uliyokosa kwenye kadi, bila kuificha, kwa sababu siku zilizokosekana huongezwa mwishoni. Wala usiseme ni moja tu: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kukosa hata dozi moja kati ya kila kumi huongeza sana uwezekano wa matibabu kushindwa. Kama unasahau mara kwa mara, funga dawa na jambo usilolisahau kamwe, kama mswaki au swala ya alfajiri.

Nimeacha wiki tatu. Ninaogopa kurudi.

Rudi kesho. Usianze tena mwenyewe na vile vilivyobaki kabatini, wala usikope kwa mwenzako. Ukifika, kuna uwezekano utapimwa makohozi, na mhudumu atahesabu: uliacha mwezi wa ngapi, kwa siku ngapi, na makohozi yanasemaje. Kuna miongozo inayosema ukikatiza siku 14 au zaidi ndani ya miezi miwili ya mwanzo unaanza upya. Ukikatiza baadaye mara nyingi unaendelea ulipoishia, kutegemea muda na vipimo.

Kama anayekupokea anakufokea, mwombe mwingine. Nenda na mtu wa kukusindikiza. Na kwa wahudumu wanaosoma hapa: aliyerudi mwenyewe ameshavuka mlima. Neno la kwanza liwe "karibu", na la pili liwe "nini kilitokea?"

Nikiacha moja kwa moja, ni nini hasa kitatokea?

Kwa wengine ugonjwa hurudi baada ya miezi michache, na wanawaambukiza tena wale wanaolala nao chumba kimoja. Kwa wengine hurudi ukiwa sugu, yaani rifampisini na isoniazidi haziwaui tena bakteria wake. Kumeza na kuacha, kumeza na kuacha, ndiko kunakofuga usugu. Mwaka 2023 watu wapatao 400,000 walipata TB sugu kwa rifampisini, ama peke yake ama pamoja na isoniazidi.

Kwa miaka mingi matibabu yake yalikuwa ya miezi 18 hadi 20, na sindano za miezi kadhaa zilizowaacha baadhi ya watu viziwi. Tangu 2022 WHO inapendekeza kwa wengi wao vidonge pekee kwa miezi sita: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni faraja kubwa, ingawa dawa hizi nazo zina madhara yanayohitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Nakuomba usimtazame kila mwenye TB sugu kuwa aliacha dawa. Wengi wameivuta hewani kutoka kwa mtu mwingine, na hawajawahi kukosa hata kidonge.

Nitasafiri au nitahama. Dawa zitakuwaje?

Sema kabla ya kuondoka. Utapewa dawa za kutosha za safari au barua ya uhamisho yenye tarehe uliyoanza, aina ya dawa na matokeo ya makohozi. Piga picha kadi yako, ukae nayo kwenye simu. Misiba na mavuno na kazi za mbali huja ghafla, kwa hiyo hata barua ikikosekana, picha hiyo inatosha kukupokelea mahali pengine.

Nitajuaje kuwa ndugu yangu anakaribia kuacha?

Ameacha kulalamika juu ya dawa. Anajibu "nimeshameza" kabla hujamaliza swali. Pakiti imehamishwa mahali ilipokuwa. Anapanga safari siku ya kliniki. Usimvizie wala usihesabu vidonge vyake kwa siri, utapoteza imani yake. Mwambie unaenda naye tarehe ijayo, na umuulize ni kipi katika dawa hizi kinachomchosha zaidi.

Mwisho wa miezi sita, nitajuaje kuwa nimepona?

Makohozi hupimwa njiani, kwa kawaida mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Yakiwa safi mwishoni, kadi huandikwa "amepona". Asiyekuwa na makohozi ya kupima, na amemaliza dawa zote bila dalili ya kushindwa, huandikwa "amemaliza matibabu". Eksirei inaweza kuendelea kuonyesha makovu kwa maisha yote, na wengine hubaki na kupumua kwa shida wakipanda ngazi. Hayo si bakteria walio hai. Kikohozi cha wiki mbili kikirudi siku yoyote baadaye, nenda ukapimwe, na uichukue kadi yako ya zamani.